Mafundi wa Ala za Nyuzi Katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Katika maandishi mengi kuhusu muziki wa Usukuma, anayepewa nafasi ya mbele ni manju, yaani kiongozi wa waimbaji anayetunga nyimbo na kuliongoza kundi lake kwenye mashindano, na baada yake hufuata wachezaji na wapiga ngoma, ilhali fundi aliyezitengeneza ala zenyewe hutajwa kwa neno moja au hatajwi kabisa. Upungufu huo si mdogo, kwa sababu katika nchi inayoanzia tambarare za Shinyanga, ikapitia Kahama na Usumbwa, hadi kwenye vilima vya dhahabu vya Geita karibu na Ziwa Victoria, mpigaji wa ala za nyuzi kwa muda mrefu hakuwa na duka la kumchagulia chombo. Ilimlazimu kumtafuta fundi, kumweleza anachotaka, na kurudi kwake kila mara chombo kilipopasuka au kulegea. Ufundi wa ndono, wa zeze na hatimaye wa gitaa la mbao ulidumu kwa sababu ya kufahamiana huko kwa mpigaji na fundi wake, na historia yake haieleweki mpaka yaangaliwe kwa pamoja mambo matatu ambayo fundi hakuwa na mamlaka nayo, yaani miti, waya, na safari za watu waliokwenda kutafuta kazi.

Ala iliyo sahili kuliko zote ni ndono, upinde wenye uzi mmoja na kibuyu cha kukuza sauti, unaojulikana kwa Wasukuma na kwa ndugu zao Wanyamwezi. Mtu akiutazama kwa haraka anaweza kudhani kwamba kila mchungaji angeweza kujitengenezea, na wengi walijitengenezea kweli, lakini ndono nzuri ni kazi ya mtu anayejua. Fito inayopindwa lazima iwe na nyuzinyuzi zilizonyooka, ili ikikauka ibaki na mvuto wake bila kuvunjika; uzi huvutwa kuelekea kwenye fito kwa kitanzi kilichofungwa pale kibuyu kiliposhikizwa, na kitanzi hicho huugawa uzi katika sehemu mbili zenye sauti mbili, hivi kwamba kikisogea kwa upana wa kidole tu, sauti hizo mbili hazipatani tena. Kibuyu nacho hukatwa mdomo, na mpigaji huuegemeza mdomo huo kifuani, akiufungua na kuufunga kidogo kidogo ili kuziibua au kuzizima sauti za juu zilizomo ndani ya mlio mmoja, huku mkono wa pili ukiugonga uzi kwa kijiti chembamba. Kibuyu chenye ganda nene huumeza mlio, na chenye ganda jembamba mno hupasuka kabla ya msimu kwisha. Kwa hiyo fundi wa ndono alianza kazi yake shambani, kwa kukichagua kibuyu kingali kwenye mmea, na hapo ndipo wapigaji walipoanza kutofautisha mkono wa fundi mmoja na mwingine.

Pembeni mwa ndono kulikuwa na zeze, jina linalobeba ala za aina mbili katika Tanzania. Katika Ugogo zeze hupigwa kwa upinde mdogo wa kusugulia nyuzi, na Hukwe Zawose alilipeleka zeze la aina hiyo katika majukwaa ya ng'ambo hadi alipofariki mwaka 2003. Zeze la misafara lilikuwa jingine: ufito bapa wa mti, wenye vinundu upande mmoja vya kukandamizia uzi kwa vidole, na kibuyu chini yake. Richard Burton, aliyepita Unyanyembe katika safari yake ya miaka ya 1857 hadi 1859, alilieleza zeze hilo katika kitabu chake kuhusu nchi za maziwa, na ala ya namna hiyohiyo ilisambaa mpaka Kongo ya mashariki kwa njia zilezile zilizofuatwa na biashara ya pembe za ndovu. Wapagazi wengi wa misafara hiyo walikuwa Wanyamwezi, Wasumbwa na Wasukuma, na ala nyepesi inayobebeka begani ilifaa sana kwa mtu ambaye mzigo wake wa kazi ulikuwa tayari kichwani. Upande wa ziwa, kwa Wahaya na Wakerewe, fundi alikabiliwa na kazi nzito zaidi, kwa kuwa enanga huchongwa katika gogo moja linalofukuliwa mfano wa mtumbwi mdogo, kisha uzi mmoja mrefu hupitishwa mara saba au zaidi kutoka ncha moja hadi nyingine. Utafiti wa Mugyabuso Mulokozi kuhusu tendi za enanga umewatambulisha manguli waliozighani tendi hizo; lau kazi ya kiasi hicho ingefanywa pia kwa wachongaji, picha ya ufundi wa mbao kusini mwa Ziwa Victoria ingekuwa kamili zaidi.

Kuchonga kunataka chuma, na kwa jambo hili nchi ya Geita ilikuwa na utajiri wake kabla mtu yeyote hajaigeukia dhahabu. Warongo, wafua chuma wa upande wa kusini-magharibi wa ziwa, waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo na kufua majembe yaliyouzwa mbali katika Usukuma na Unyamwezi, ambako jembe lilitumika pia kama mali ya kuolea. Mhunzi aliyefua jembe ndiye aliyefua tezo, yaani chombo cha kuchongea chenye bapa lililokaa kingamo mbele ya mpini, na bila tezo hakuna ngoma wala enanga. Uzi wenyewe kwa asili ulitoka kwenye kano za ng'ombe, ambao Wasukuma walikuwa nao kwa wingi, lakini misafara ilipoanza kuleta masango, yaani waya mnene wa shaba uliokuwa fedha ya safari, wahunzi wa bara walijua tayari kuuvuta waya kupitia tundu jembamba mpaka uwe mwembamba wa kusokotea bangili, hivyo fundi wa ala akapata kwa jirani yake uzi wa namna mpya. Tangu hapo ufundi wa ala katika eneo hili umekuwa ukiokota vifaa vyake kwenye kazi nyingine, ukavigeuza vilie, na desturi hiyo ilizidi kuonekana wakati wa baiskeli na wa migodi.

Ni lazima kukiri, hata hivyo, kwamba heshima kubwa katika Usukuma haikuwa ya nyuzi. Vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagalu na Bagika, viliyafanya mashindano ya baada ya mavuno kuwa tukio kubwa la mwaka. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na linaloshinda ni lile linalovuta watazamaji wengi zaidi. Katika hali hiyo sauti iliyotakiwa ni ya kusikika mbali, kwa hiyo aliyetafutwa kwa bidii na kulipwa vizuri alikuwa fundi wa ngoma, ambaye kazi yake ilihusishwa pia na dawa za kumpa manju mvuto. Ndono na zeze zilibaki kwa mtu anayechunga, anayesafiri, anayewaburudisha wachache jioni, na utulivu huo wa matumizi unaeleza kwa nini watafiti walizipita haraka. Kitabu kikubwa cha Frank Gunderson kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, kilichotoka mwaka 2010 kikiwa na zaidi ya nyimbo 300, ni hazina isiyo na mfano kuhusu watunzi na mashairi yao, na bado hata ndani ya hazina hiyo anayezungumza ni mwimbaji, si mchongaji.

Gitaa liliingia katika nchi hii kwa njia ya reli, ya jeshi na ya ajira. Reli iliyotoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipita katikati ya Shinyanga, na kuanzia hapo kitu kilichoshushwa Dar es Salaam kiliweza kufika Usukuma bila kubebwa kichwani. Vita Kuu ya Pili iliwachukua vijana wengi kuingia katika kikosi cha askari wa kikoloni cha KAR, wengine wakafika mpaka Burma, na kambini waliwaona watu wa nchi nyingine wakipiga magitaa na kuimba kwa lugha zao. Waliporudi walikuta nchi yao imeanza kuwa nchi ya migodi: John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alikuwa amegundua almasi Mwadui mwaka 1940, na kule Geita, ambako dhahabu ilijulikana tangu mwaka 1898, mgodi wa wakoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi huleta mshahara wa mwezi, na mshahara wa mwezi huleta jioni za kupumzika zenye fedha mfukoni, jambo ambalo pamba, inayolipa mara moja kwa mwaka, haiwezi kulileta kwa namna hiyohiyo. Mgodi pia huleta seremala wa kuajiriwa, mwenye msumeno, randa na patasi, na masanduku matupu ya mbao laini zilizotoka mbali.

Sauti ya kuigwa ilikuja kwa redio na kwa santuri. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na mwaka uliofuata Hugh Tracey, ambaye mwaka 1950 alikuwa amezunguka Tanganyika akirekodi muziki wa asili, alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, mji wa migodi wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi. Upigaji wa Bosco, ambamo kidole gumba hushika sauti za chini na kidole cha shahada kucheza juu, ulikuwa wa gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme, na aliimba pia kwa Kiswahili, kwa hiyo msikilizaji wa Shinyanga alielewa maneno pamoja na mkono. Baadaye bendi za Tabora kama Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilivuma, na Tabora haikuwa mbali kwa mtu anayeishi kando ya reli. Kijana aliyevutwa na sauti hizo, lakini asiye na bei ya gitaa la dukani, alirudi palepale mpigaji wa ndono alipokuwa akienda tangu zamani, kwa fundi.

Gitaa la kienyeji lililotokana na haja hiyo, ambalo katika sehemu nyingi za Afrika ya mashariki na kati huitwa kwa jina la chombo kilichotumika kulitengeneza, kama debe au kopo, limezoeleka kuhesabiwa kuwa mchezo wa watoto. Hesabu hiyo si ya haki. Likitazamwa kwa karibu, ni chombo chenye matatizo yote ya gitaa ghali, na fundi wake aliyatatua kwa akili. Shingo ilichongwa katika ubao mmoja mgumu, kwa sababu nyuzi zilizokazwa huvuta kwa nguvu mchana na usiku, na shingo laini hupinda mpaka uzi ukainuka juu mno usiweze kukandamizwa. Kwa hiyo mninga, mti wa misitu ya miombo ya Kahama na Biharamulo ambao ukikauka husinyaa kidogo tu kuliko miti mingi, ulikuwa chaguo zuri kuliko mbao za sanduku. Uso wa gitaa, yaani ubao wa mbele wenye tundu la sauti, ulitaka kinyume chake, ubao mwepesi na mwembamba unaotikisika upesi, na hapo mbao za sanduku za msonobari zilipata kazi yake ya maana. Vizuizi vya shingoni, vinavyomwonyesha mpigaji mahali pa kila noti, vilitengenezwa kwa vipande vya spoku za baiskeli. Waya wa breki ya baiskeli ulisokotolewa, ukatoa nyuzi nyembamba za chuma, na wavuvi wa ziwani walipoanza kutumia nailoni, mshipi wa nailoni ukawa uzi wa upande wa juu. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuvipima vizuizi, kwa kuwa umbali kati yake hupungua kwa uwiano maalumu kutoka kichwani kuelekea kwenye daraja, ambalo ni kipande kinachobeba nyuzi juu ya uso. Asiyeujua uwiano huo alilaza ufito juu ya gitaa la dukani la mtu mwingine na kuhamisha alama, na aliyekosea kwa milimita chache alitoa gitaa linaloimba vizuri karibu na kichwa na kupotoka kila mkono unapopanda.

Anayetilia shaka gitaa la bati lenye uso wa mbao na akumbuke kazi ya Antonio de Torres, fundi wa Almería, Uhispania, ambaye magitaa ya leo ya kupigwa kwa nyuzi za nailoni yanafuata umbo lake. Mwaka 1862 Torres alitengeneza gitaa ambalo mbavu na mgongo wake ni wa karatasi ngumu, akaweka uso wa ubao bora, ili kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya sauti hutoka kwenye uso. Hata nailoni ina historia ya namna moja pande zote mbili, kwa maana huko New York katika miaka ya 1940, Albert Augustine alianza kutengeneza nyuzi za gitaa za nailoni wakati utumbo wa wanyama uliokuwa ukitumika ulipoadimika kwa sababu ya vita. Fundi wa Geita aliyechukua mshipi wa mvuvi alikuwa kwenye njia ileile ya fikra, tofauti ikiwa kwamba hakuwa na kiwanda cha kumchagulia unene.

Kilichomtesa zaidi fundi huyo kilikuwa hali ya hewa. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, na kati ya Geita yenye mvua za ziwa na tambarare za Shinyanga zenye kiangazi kirefu kinachoanza Mei au Juni hadi Oktoba au Novemba, gitaa lililounganishwa kwa gundi wakati wa masika hufunguka viungo wakati wa kiangazi. Tatizo hili liliwasumbua hata wenye viwanda: kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ambayo magitaa yake ya bei nafuu yaliyoitwa Gallotone yalienea kusini na katikati ya Afrika, ilibandika ndani yake karatasi ya dhamana kwamba gitaa halitapasuka, na mojawapo ya magitaa hayo lilifika Liverpool mwaka 1957 likawa la kwanza mikononi mwa John Lennon. Fundi wa kijijini hakuwa na karatasi ya dhamana. Alikuwa na mbao alizozianika juu ya dari ya jikoni, mahali pa moshi na joto, kwa msimu mmoja au miwili kabla ya kuzigusa. Mpigaji aliyejua mambo hakuuliza kwanza bei, aliuliza mbao zimekaa muda gani, na swali hilo ndilo lililowatenga mafundi wa kweli na wale waliobahatisha.

Uhusiano wa namna hiyo ulikuwepo pia kwa wakubwa wa dunia. Andrés Segovia, mpigaji wa Uhispania, alimkuta Hermann Hauser mjini Munich mwaka 1924, akamruhusu kulipima gitaa lake la Kihispania la mwaka 1912, na kwa miaka 13 Hauser akawa anamletea jaribio baada ya jaribio, mpaka mwaka 1937 Segovia alipolipokea moja na kulitangaza kuwa bora la zama zake. Kisa hicho kinasimuliwa kila mahali kwa sababu kila hatua yake iliandikwa, na gitaa lenyewe limo katika jumba la Metropolitan huko New York likiwa na jina la fundi ndani yake. Ala za Usukuma zilizochukuliwa kwenda makumbusho ya Ulaya tangu enzi ya Wajerumani ziliandikwa kwa desturi nyingine: jina la kabila, jina la mkusanyaji Mzungu, na mahali zilipopatikana. Nafasi ya fundi haikuwekwa hata kwenye fomu. Kwa desturi hiyo dunia ilifundishwa kwamba ala ya Kiafrika hutengenezwa na kabila, kana kwamba makabila yana mikono, na fundisho hilo limeleta hasara mpaka leo kwa kuwa mpigaji kijana hamjui fundi wa kumwiga wala wa kumtafuta.

Hasara ya pili ni ya miti. Katika miaka ya 1920 na 1930 Shinyanga ilikuwa kituo kikuu cha utafiti wa mbung'o, chini ya C. F. M. Swynnerton, na vita dhidi ya mdudu huyo vilipiganwa kwa kufyeka vichaka na misitu ili ng'ombe na watu wapate pa kukaa. Pamba ikaongeza ufyekaji, hasa baada ya vyama vya ushirika vya wakulima kupata nguvu na kuungana mwaka 1955 katika shirikisho la ushirika la Victoria, na kuhamishiwa vijijini kwa watu katikati ya miaka ya 1970 kuliyaacha mashamba ya zamani na miti yake bila mwangalizi. Ng'ombe walizidi, kuni zilizidi kutakiwa, na Shinyanga ikafika mahali pa kutajwa kuwa inageuka jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, unaojulikana kama HASHI, ambao busara yake ilikuwa kuifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani na miti vipate kukua, kisha kufunguliwa kiangazi. Hadi mpango huo ulipokoma mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto, na mwaka 2002 ulipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Ngitili ni mafanikio makubwa, lakini miti yake mingi bado ni ya kuni, nguzo na malisho. Mninga wa kutoa ubao wa shingo ya gitaa haukui kwa miaka 20.

Kwenye ukanda wa dhahabu hali ni nzito zaidi. Serikali ilipolegeza masharti ya uuzaji wa dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1980, maelfu ya wachimbaji wadogo waliingia Nyarugusu, Rwamagaza, Mgusu na kwingineko, na kila duara, kama wanavyoliita shimo la uchimbaji, hutaka matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke juu ya watu. Hakuna anayeweza kumlaumu mchimbaji kwa kuyalinda maisha yake. Hata hivyo gogo lililonyooka, lisilo na fundo, ambalo fundi wa ala angelianika kwa misimu miwili, ni lilelile linalofaa kwa timba, na mwenye duara hulilipia leo kwa fedha taslimu. Migodi mikubwa iliyofunguliwa baadaye, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, ilileta barabara, umeme na maduka, na maduka yakaleta magitaa ya kiwandani kutoka China ambayo bei yake fundi wa mkono hawezi kuifikia. Kwaya za makanisa, ambazo katika mikoa hii zina mchango mkubwa katika kuwafundisha vijana ala, zimehamia kwenye gitaa la umeme na kinanda. Fundi aliyebaki ni mrekebishaji zaidi kuliko mtengenezaji, anayebandika daraja lililong'oka na kunyoosha shingo iliyopinda, na inafaa kusema wazi kwamba urekebishaji huo ni shule, kwa kuwa anayefungua gitaa la kiwandani huona ndani yake mbavu na viungo ambavyo vitabu vingemweleza kwa shida.

Mti mmoja unastahili kutajwa peke yake, kwa sababu unauunganisha ufundi huu na karakana za mbali. Mpingo, mti mzito unaozama majini, hutumika Ulaya kutengenezea zumari za klarineti na obo, na mafundi wa magitaa ghali huutumia kwa ubao wa shingoni na kwa mbavu na migongo. Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazoutoa kwa wingi, hasa mikoa ya kusini-mashariki, ambako mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu ya jamii. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, inahitaji vibali chini ya mkataba wa CITES, lakini kuanzia Novemba 2019 ala zilizokamilika zimeondolewa katika sharti hilo. Matokeo yake ni kwamba gitaa la mpingo lililomalizika huvuka mpaka kwa urahisi kuliko ubao wake, na sheria hiyo, pengine bila kukusudia, inaipa nchi yenye mti sababu ya kutengeneza ala nyumbani kuliko kuuza magogo. Nafasi hiyo haijatumiwa.

Taasisi za kuitumia zipo. TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, imefundisha utengenezaji wa ala za asili pamoja na upigaji wake. Karibu zaidi na Shinyanga na Geita ipo Bujora, huko Kisesa nje kidogo ya Mwanza, ambako padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vitu vya utamaduni wa Kisukuma, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968, yakiwa na ngoma za watemi na ala nyingine ambazo zingepotea. Makumbusho hayo yamefanya zaidi ya chombo kingine chochote kuitunza kazi ya mafundi wa Usukuma. Maafisa utamaduni wa halmashauri za Shinyanga, Kahama, Geita na Bukombe wangali na wakati wa kuwatembelea wazee waliowahi kuchonga ndono, zeze na magitaa, na kuwaandikisha kwa majina kabla hawajaondoka na ujuzi wao. Na msomaji mwenye ala ya namna hiyo nyumbani, iliyoachwa na baba au babu, anaombwa aandike kwenye kipande cha karatasi jina la fundi, kijiji chake, mti uliotumika na mwaka, kisha akibandike ndani ya tundu la sauti, mahali ambapo Torres na Hauser walibandika majina yao.